Yorkshire pudding zisizoumuka

Pole dada. Nimekuelewa: uko Leicester, Uingereza, Yorkshire pudding zako (vile vitobosha vya Kiingereza vya rojo la mayai, vinavyookwa hadi vivimbe) zinatoka bapa na ngumu katikati, na ungependa kuzila na mchuzi wa kuku wa nazi. Naona shida ni mafuta. Ni kama vitumbua: rojo likikuta mafuta vuguvugu, haliumuki.

Pima kwa kikombe kimoja: mayai, maziwa na unga wa ngano viwe sawa kwa ujazo. Chumvi kidogo, bila hamira. Koroga mabonge yaishe, uache nusu saa. Washa oveni nyuzi 220 za Selsiasi, tia kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti kila kishimo cha bati la kuokea, uliache ovenini hadi mafuta yaanze kufuka moshi. Siagi itaungua. Mimina rojo haraka, rudisha ovenini, na usifungue mlango kwa dakika 20, hata ukitamani kuchungulia. Hewa baridi ikiingia zinanywea. Mafuta hayo huruka, watoto wakae mbali.

Mchuzi wa nazi unafaa sana, ila uwe mzito. Ukila mkahawani, uliza kwanza: kwa asili hupikwa kwa mafuta ya ng'ombe, na wewe unakula halali tu. Mwanao mwenye mzio wa mayai asionje kabla hujaongea na daktari.