Msumari gani kwa bodi ya jipsamu?

Ndugu, umeuliza kama msumari mrefu zaidi ndio utakaoshika bodi ya jipsamu vizuri. Hapana. Mbao za fremu iliyo nyuma ya bodi zikikauka hunywea, na msumari uliozama sana ndio huja kuchomoza kichwa na kupasua rangi. Kwa bodi ya milimita 12.5 chukua wa kama milimita 35, wenye mikato ya pete mwilini na kichwa kipana; ule laini huteleza. Ukutani piga kila sentimita 20, darini 18. Kandamiza bodi kwa mkono mpaka iguse mbao, ndipo upige. Pigo la mwisho liache kibonyeo kidogo tu, karatasi ya uso wa bodi isichanike, tafadhali! Karatasi ndiyo inayoshikilia. Ikichanika, piga mwingine pembeni. Fremu ikiwa ya chuma, tumia skrubu.