Oili Nzito Haitibu Gari Kuukuu

Nina Corolla NZE ya mwaka 2003. Mwezi uliopita mita yake ilivuka kilomita 286,000, na injini ni ileile iliyotoka nayo Japani. Injini hiyo nusura niiue mwenyewe kwa kufuata ushauri ambao karibu kila mwenye gari kuukuu hapa Nairobi amewahi kupewa.

Gari lilikuwa limeanza kupunguza oili. Nikalipeleka kwa fundi mmoja pale Grogan, mtaa wa mafundi wa magari. Hakuinama kutazama chini ya gari, wala hakuchomoa kijiti cha kupimia. Alisikiliza injini kidogo tu, akasema, "Mkubwa, hii gari imezeeka. Weka 20W-50, itatulia." Nikaweka hiyo oili nzito. Kweli ilionekana kutulia, mpaka baridi ya Julai ilipoingia. Nikiwasha gari alfajiri, cheni ya injini inalia kra-kra-kra kwa sekunde tatu, nne, taa nyekundu ya oili nayo inachelewa kuzimika. Mlio huo sikuwa nimewahi kuusikia tangu nilinunue.

Sababu yake ni hii. Ile namba iliyo mbele ya herufi W huonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi: namba ikiwa ndogo, oili inapanda haraka. Namba ya pili ni uzito wake injini ikishapata moto, kipimo kikichukuliwa kwa nyuzi 100. Injini ya NZE haitumii mkanda bali cheni, na kinachoikaza cheni hiyo husukumwa na presha ya oili. Hata VVT-i, mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka, hufanya kazi kwa oili inayopita kwenye vitundu vyembamba. Ukiijaza oili inayojikokota asubuhi, kwa sekunde hizo chache chuma kinasugua chuma.

Sisemi 20W-50 ni sumu. Kuna injini za miaka ya sabini na themanini zilizozoea oili hiyo na zinaishi nayo vizuri. Ila hii yangu ilitengenezewa 5W-30, na kuzeeka hakujaibadilisha ikawa injini nyingine.

Aliyeniokoa ni fundi mzee wa Industrial Area. Aliipangusa injini yote kwa kitambaa, akaniambia, "Endesha siku mbili, kisha uniletee niione." Niliporudi, kasoro ilijionyesha yenyewe: gasketi ya kifuniko cha valvu ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama plastiki, na oili ilichuruzika kwa nyuma hadi kwenye ekzosi. Ndiyo iliyokuwa ikitoa harufu ya kuungua kila niliposimama kwenye foleni. Akabadilisha gasketi, tukarudi 5W-30, na baada ya siku chache mlio wa asubuhi ukaisha. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha uzito wa oili, jua kwanza oili inaenda wapi. Ikiwa inavuja, ziba. Ikiwa ekzosi inatoa moshi wa samawati, inaungua ndani, kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Hapo kupanda hatua moja, kwa mfano 5W-40 au 10W-40, ni jambo la busara huku ukitafuta pesa za matengenezo.

Sasa kuhusu ile karatasi ya "rudi baada ya kilomita 5,000" ambayo fundi hukupa akishabadilisha oili. Mimi hutoka Donholm kwenda Westlands, kama kilomita 15, na siku nyingi natumia saa nzima. Kwa mwendo huo, kilomita 5,000 ni zaidi ya saa 330 za injini kunguruma. Anayesafiri barabara kuu kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa hufikisha kilomita hizohizo kwa saa 100. Mita inasema tuko sawa, lakini oili yangu imepikwa mara tatu zaidi. Ndiyo maana mimi hubadilisha kila kilomita 4,000, au kila baada ya miezi minne nisipozifikisha.

Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijawasha, nachomoa kijiti, nakipangusa, nakirudisha hadi mwisho, kisha nasoma. Gari liwe mahali tambarare. Kutoka alama ya chini hadi ya juu mara nyingi ni karibu lita moja, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo. Kujaza kupita kiasi pia kunaharibu. Naandika kwenye daftari nimeongeza kiasi gani. Ukiona utando mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili msimu wa baridi, na maji ya rejeta hayapungui, usikubali injini ifunguliwe haraka. Huenda ni unyevu tu wa safari fupi. Kijiti chenyewe kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, simamisha gari.

Chujio la oili libadilishwe kila mara unapobadilisha oili. Simama hapo uhakikishe mpira wa lile la zamani haukubaki umeng'ang'ania injini, kwa sababu mipira miwili ikibanana oili yote inaweza kumwagika barabarani.

Oili bandia ipo, tena nyingi. Nanunua duka moja tu ninalolijua, natazama alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na namba ya kibali naituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 kuihakiki. Sijazi kutoka pipa lililo wazi, hata bei iwe nzuri namna gani. Injini ya NZE hunywa lita 3.7 pamoja na chujio, hivyo galoni ya lita 4 inabakiza tone la kuongezea, nami naondoka nalo. Galoni likiisha, nalitoboa kwa bisibisi mara tatu kabla ya kulitupa, kwa sababu kuna watu wanaotafuta magaloni mazima ili wayajaze tena.