Kitabu Kimoja na Njiti ya Kiberiti

Mhariri, swali lenu la wiki lilituuliza kama familia zetu husoma vitabu pamoja na, ikiwa hazisomi, kinachozuia ni nini. Jibu linalokuja haraka ni kwamba vitabu ni ghali, na kwa kipato cha watu wengi hilo ni kweli kabisa. Lakini nyumbani kwetu, hapa Mwanza, hatukuanza kusoma pamoja siku tulipopata fedha za kununua vitabu vingi. Tulianza kwa sababu kitabu kilikuwa kimoja na waliotaka kukijua walikuwa watano.

Desturi hii tumeirithi kwa mama yangu, aliyejua kusoma ukubwani katika kisiwa cha Ukerewe. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisha Ukerewe ikawekwa miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya 1971 kwisha. Nyingine zilikuwa Mafia, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Mama alikwenda kisomo jioni, akitoka shambani, na kitabu chake cha kwanza kilihusu kilimo cha pamba, kwa kuwa vitabu vya kisomo vya kanda ya ziwa vilitungwa kwa kufuata kazi za wenyeji. Kitabu hicho hakikuwa chake peke yake. Walikaa wawili wawili, mmoja akikishika na mwenzake akipitisha njiti ya kiberiti chini ya mstari ili macho yasipotee, na ukurasa ulipokwisha walibadilishana. Sisi watoto tulipozaliwa tuliikuta njiti hiyo nyumbani, na kwa miaka mingi nilidhani kwamba hakuna kitabu kinachosomeka bila njiti.

Sasa mama anaishi nasi, naye bado husoma hivyo hivyo, polepole, kwa sauti, neno baada ya neno. Nakiri kwamba mwanzoni niliwapanga wasomaji wa jioni kwa wepesi wao: binti yangu mkubwa alisoma, wengine tukasikiliza. Mwanangu wa kiume, ambaye ana kigugumizi, hakuwahi kuomba zamu, nami sikumpa, kwa kuwa niliona namsitiri. Kumbe nilikuwa namfungia nje. Ni mama aliyeligundua hilo. Jioni moja alimwita mjukuu wake mkekani, akamkabidhi kitabu, akachomoa njiti kutoka kwenye kiberiti cha jikoni na kumwambia, "Soma, mume wangu. Mimi mwenyewe sikimbii." Mtoto alikwama kwenye neno la tatu. Bibi yake hakumtamkia neno hilo, wala hakumwangalia usoni. Aliiacha njiti ikae pale pale chini ya neno, kimya, mpaka neno likatoka lenyewe, kisha akaisogeza mbele. Ukurasa mmoja uliwachukua karibu nusu saa, na hakuna aliyeondoka.

Kigugumizi hakijapona, wala sidai kwamba vitabu ni dawa yake. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtoto huyo hugombea zamu kama wenzake, na bibi yake akikutana na neno asilolijua humwuliza yeye kwanza. Wakati mwingine husimama ili mama ampe neno la Kikerewe lenye maana hiyo hiyo, na hapo kitabu hufungwa kidole kikiwa ndani, kwa kuwa neno moja huzaa kisa kizima cha shamba, cha mtumbwi au cha jirani wa zamani. Ninawasihi wazazi wenzangu wasizikatize dakika hizo kwa hofu ya kutomaliza sura. Kwetu, huko ndiko kusoma pamoja kwenyewe.

Watu huniambia kwamba kusomeana kwa sauti ni mambo ya watoto wadogo. Sikubaliani nao. Waswahili wamesoma kwa sauti, mbele ya watu, tangu zamani. Utendi wa Mwana Kupona, ambao mshairi huyo wa pwani aliutunga mnamo 1858 kwa ajili ya binti yake, ni maneno ya mama kwa mwanawe yaliyowekwa katika beti zinazoghanika. Kusoma kimya kimya, peke yako, kwa ajili ya mtihani, ndiyo desturi ngeni zaidi, na ndiyo inayowafanya vijana wengi wakiache kitabu siku wanapomaliza shule.

Kuhusu kugawana, utaratibu wetu ni mwepesi. Tuko nyumba tatu, yetu, ya kaka yangu Morogoro na ya dada yangu Bukoba, na kila nyumba hununua kitabu kimoja inapoweza. Kikishasomwa hutumwa kwa basi. Ndani ya jalada kila aliyekimaliza huandika jina lake na tarehe, na ruhusa ipo ya kuandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Hivyo nimejua kwamba kaka yangu, mtu asiyesema mengi, alilia kwenye sura ambayo nami ilinitoa machozi; aliandika pale, "Nimemkumbuka baba." Tulikuwa hatujawahi kuzungumza juu ya msiba ule. Nilimpigia simu usiku huo huo.

Kitabu tulicho nacho sasa kimebakiza kurasa kumi na nane. Kikiisha kitakwenda Bukoba, na mama ameshatuambia kwamba safari hii tusimwandikie jina lake ndani ya jalada, ataliandika mwenyewe.