Nonsi Isirudiwe: Kwa Wanaoanza Kusimba Maandishi kwenye Simu

Wengi wanaojifunza kutengeneza programu za simu hapa Tanga huanza na kazi zilizo karibu nao: daftari la madeni la duka la Ngamiani, au hesabu za wachuuzi wa samaki wa Sahare. Daftari la namna hiyo hubeba majina ya watu na fedha wanazodaiwa, na katika mji ambao watu wanajuana, deni likisomwa na asiyehusika huwa ni fedheha kwa mwenyewe. Kwa hiyo nawasihi muutazame usimbaji fiche, yaani kugeuza maandishi yasomwe na mwenye ufunguo tu, kwa uzito tangu mwanzo wa kazi.

Katika saifa ya mtiririko, yaani njia ya kusimba inayofanya kazi baiti kwa baiti, ufunguo na nonsi, yaani namba ya kutumika mara moja tu, huzalisha mfululizo wa baiti usiotabirika, kisha kila baiti ya maandishi huunganishwa na baiti moja ya mfululizo huo kwa XOR, hesabu ya biti ambayo ikirudiwa kwa thamani ileile hujifuta. Kwa simu za bei nafuu, ambazo baadhi hazina maagizo ya AES (saifa nyingine inayotumika sana) ndani ya prosesa, napendekeza ChaCha20, iliyobuniwa na Daniel J. Bernstein mwaka 2008, kwa kuwa ina ufunguo wa biti 256 na huenda kasi bila msaada wa maunzi. RC4, saifa ya mtiririko ya zamani, iacheni kabisa, hata mkiikuta kwenye masomo ya mtandaoni. Matumizi yake katika TLS, itifaki inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, yalipigwa marufuku mwaka 2015.

Nonsi ndiyo inayowaangusha wengi. Tuseme programu imesimba jumbe mbili kwa ufunguo uleule na nonsi ileile, moja ikianza na «Assalamu alaykum» na nyingine na «Deni la Mwanaidi». Mdukuzi aliyezipata zote mbili akizifanyia XOR, mfululizo wa siri hujifuta wenyewe, na yanabaki maandishi mawili yaliyochanganywa. Kwa kuwa barua zetu nyingi huanza kwa salamu, atabahatisha herufi kumi na sita za mwanzo wa ujumbe wa kwanza, na papo hapo herufi kumi na sita za ule wa pili, jina likiwamo, zitamfungukia bila yeye kuujua ufunguo.

Msiitoe nonsi kwenye saa ya simu, kwa sababu saa hurudishwa nyuma, na jumbe mbili huweza kuandikwa kwa wakati mmoja. Kihesabio nacho kina hatari yake: mteja akirejesha nakala ya akiba kwenye simu mpya, hesabu hurudi ilipokuwa na nonsi za zamani hutumika tena. Mimi huchagua XChaCha20, aina ya ChaCha20 yenye nonsi ndefu zaidi, ambayo nonsi yake ni baiti 24, nikazijaza kwa SecureRandom, kizalishaji cha namba za nasibu cha Java, kila ujumbe unaposimbwa. Nafasi hiyo ni pana kiasi kwamba kurudiana kwa bahati si jambo la kuhofia.

Usiri peke yake hautoshi. Katika ASCII, mfumo wa kuwakilisha herufi kwa namba, tarakimu 1 na tarakimu 9 hutofautiana kwa biti moja, hivyo anayejua mahali kiasi kilipoandikwa anaweza kugeuza biti hiyo ndani ya maandishi yaliyosimbwa, na deni la shilingi 1000 likasomeka 9000. Tumieni ChaCha20 au XChaCha20 ikiwa pamoja na Poly1305, inayoongeza lebo ya uthibitisho ya baiti 16 ya kuonyesha kama ujumbe umebadilishwa, na lebo isipolingana, programu ikatae ujumbe mzima bila kuonyesha hata herufi moja.

Ufunguo usiandikwe ndani ya msimbo, kwani faili la APK, yaani programu iliyofungashwa kwa ajili ya Android, hufunguliwa na yeyote mwenye subira; kwenye Android, ulindeni kwa Keystore, hifadhi yake ya funguo.

Kumbukeni pia kwamba saifa hii haifichi urefu. «Ndiyo» ina baiti tano na «Hapana» ina sita, na lebo huongeza kiasi kilekile kwa zote mbili. Programu ikiuliza kama deni limelipwa, anayepima urefu wa jibu amekwisha kulijua, kwa hiyo majibu mafupi yajazwe yalingane kwa urefu kabla ya kusimbwa.