Saini nyeusi imegeuka kahawia: kosa ni la rangi?

SWALI: Hamjambo wahariri. Nina picha ya kikosi cha Gor Mahia waliyoitia saini wachezaji kwa maka peni. Miaka minne imetundikwa sebuleni, mkabala na dirisha. Saini nyekundu zimebaki kivuli tu, nyeusi zimegeuka kahawia, lakini za bluu bado zasomeka. Je, rangi ndiyo sababu? Na naweza kuzipitia upya kwa kalamu? — Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Tuanze na la mwisho: tafadhali usizipitie. Ukipitisha kalamu juu yake, saini inakuwa yako, si ya mchezaji, na mwenye kioo cha kukuzia ataona mistari miwili isiyofuatana. Wino uliokwisha kupauka haurudi. Kilichobaki ndicho cha kulindwa.

Rangi inachangia, ila kinachoamua ni wino umetengenezwa kwa nini. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa, kama sukari kwenye chai. Kuna mwingine wenye chembe ngumu zinazoelea, kama tope la ziwa baada ya mvua. Mwanga ukila chembe, unaanza na sehemu ya nje na ya ndani inabaki. Rangi iliyoyeyuka haina pa kujificha, na maka nyingi za kawaida ni za aina hiyo.

Weusi wa maka hizo huwa ni mchanganyiko wa rangi kadhaa. Zile dhaifu zikitangulia kuondoka, unabaki na kahawia au zambarau. Nyekundu nyingi za kuyeyuka ni dhaifu tangu mwanzo. Bluu yako huenda imepona kwa sababu baadhi ya wino wa bluu una rangi yenye shaba ndani yake, ambayo ni ngumu sana kwa mwanga. Lakini usiiamini bluu yoyote tu: kalamu nyingi za biki hutumia rangi ileile ya GV, dawa ya zambarau ya vidonda vya kinywa, nayo hupauka upesi juani. Kinyume chake, weusi wa chembe za kaboni, yaani masizi, hustahimili mwanga kupita karibu rangi zote. Nyeusi mbili zinazofanana leo zinaweza kuachana kabisa.

Jaribu mwenyewe kabla ya siku ya mechi. Kwa kila kalamu chora mstari wa sentimita 10 kwenye karatasi nyeupe, uache siku nzima ukauke. Funika nusu ya kila mstari kwa foili ya jikoni, kisha bandika karatasi kwenye dirisha la mashariki au magharibi, upande ulioandikwa ukitazama nje. Baada ya wiki sita ondoa foili. Ukiona mpaka kati ya nusu hizo mbili, kalamu hiyo usimpe mchezaji.

SWALI: Fundi wa fremu anasema kioo kinatosha kuzuia jua. Kweli? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana. Kioo cha kawaida huzuia sehemu tu ya miale ya urujuanimno (UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho), na mwanga unaoonekana hupita karibu wote. Kioo maalumu cha kuchuja miale hiyo kinasaidia sana, ila mwanga wa kawaida nao unapausha, polepole. Tundika kwenye ukuta usiopigwa na jua. Mwambie fundi aweke ukingo wa kadibodi isiyo na asidi, unene wa milimita 2 au 3, picha isiguse kioo. Unyevu ukiingia, picha inayogusa kioo hugandana nacho, na kuibandua ni kuing'oa saini.

SWALI: Nihifadhi kadi zenye saini kwenye mifuko ipi? — Msomaji, Kakamega

JIBU: Ya polipropilini au poliesta. Epuka PVC, ile laini yenye harufu ya pazia jipya la bafuni: hulainika kwa joto, hunata, na wino huhamia kwenye plastiki. Saini mpya iache wazi hadi kesho yake kabla ya kuifunika.