Bourgogne: anza na michoro, mvinyo utafuata

Wengi wanaoniuliza kuhusu safari ya mashamba ya mvinyo Ufaransa tayari wana majina mawili mdomoni: Bordeaux na Champagne. Sina ugomvi nayo. Lakini kama unapenda sanaa, na siku zako ni za kuhesabu, mimi nitakuelekeza Bourgogne, mkoa wa mashariki mwa Ufaransa, kati ya miji ya Dijon na Beaune. Na siku ya kwanza usiguse glasi. Nenda ukaone makaburi ya watawala na hospitali ya zamani kwanza, ujue nani alikuwa na pesa huko na alizitumiaje.

Nasema hivyo kwa sababu waliowalipa wachongaji ndio haohao walioamua zabibu gani ipandwe. Mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, aliamuru mizabibu ya gamay ing'olewe katika eneo lake. Gamay huzaa sana, wakulima waliipenda, yeye akaiona inaharibu jina la mvinyo wake. Hadi leo mvinyo mwekundu wa vilima vile ni wa zabibu ya pinot noir, na gamay makao yake ni Beaujolais, kusini zaidi. Mwaka huohuo mchongaji wake Claus Sluter, mtu wa Uholanzi, alianza kazi ya Kisima cha Musa kwenye monasteri ambayo Philippe aliijenga nje kidogo ya Dijon ili azikwe humo.

Kisima hicho wageni wengi hawafiki, kwa kuwa siku hizi kiko ndani ya uwanja wa hospitali ya wagonjwa wa akili. Usiogope, mgeni anaruhusiwa, na kutoka stesheni ya Dijon unaweza kwenda kwa miguu. Utakuta manabii sita wamesimama kuzunguka nguzo: Musa mwenye pembe na ndevu ndefu, Isaya mwenye upara na uso wa mzee aliyechoka, Yeremia na kitabu chake. Hesabu za zamani za watawala zinaonyesha kwamba huyo Yeremia alitengenezewa hata miwani ya shaba. Miwani haipo tena, lakini ukishajua, utamtazama kwa jicho jingine.

Makaburi yenyewe yamehamishiwa kwenye makumbusho ya sanaa mjini, ndani ya jumba la watawala. Kuingia ni bure, ila Jumanne hufungwa. Watu hupiga picha sanamu kubwa zilizolala juu, kisha wanaondoka. Wewe chuchumaa. Chini ya jiwe kuna msafara wa waombolezaji wadogo wa alabasta, kila mmoja na huzuni yake: huyu kajifunika uso kwa kofia ya joho, yule anasoma, mwingine kashika pua. Mimi hapo huwa sina haraka.

Kutoka Dijon hadi Beaune treni ya mkoa haizidi nusu saa, na upande mmoja wa njia mizabibu inakusindikiza. Beaune ni mji mdogo, na moyo wake ni Hôtel-Dieu, hospitali iliyoanzishwa 1443 na Nicolas Rolin, waziri mkuu wa mtawala Philippe le Bon, pamoja na mkewe Guigone de Salins. Vita na njaa vilikuwa vimeacha watu hoi. Mgonjwa wa kwanza alipokelewa mwaka 1452, na wodi zilitumika hadi 1971. Paa lake la vigae vya rangi utaliona kwenye kila kadi ya posta, kwa hiyo sitalieleza.

Ninachokuomba usikipite mbio ni Hukumu ya Mwisho, mchoro wa Rogier van der Weyden, mchoraji wa karne ya 15. Leo ina chumba chake chenye mwanga hafifu, lakini zamani ilikaa juu ya altare, mwisho wa ukumbi wa wagonjwa, na mbawa zake, yaani mbao za pembeni zinazofungika kama milango, zilifunguliwa Jumapili na sikukuu. Yaani ilichorwa ili itazamwe na mtu aliyelala kitandani, pengine asiyeamka tena. Katikati malaika Mikaeli anapima roho kwa mizani, na upande wa dhambi ndio unaoshuka. Hakuna shetani hata mmoja: waliohukumiwa wanatumbukia motoni wenyewe, bila kuburutwa. Karne ya 19 watu wa heshima waliona uchi ule ni aibu wakawachorea nguo, na baadaye mafundi wakazifuta. Fika mlango unapofunguliwa asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu.

Na hapo ndipo mvinyo unaingia. Kwa karne nyingi matajiri walioitakia hospitali mema waliiachia mashamba ya mizabibu, na sasa inamiliki kama hekta 60. Tangu 1859 mvinyo wake hupigwa mnada, siku hizi Jumapili ya tatu ya Novemba, na fedha huenda kwenye hospitali na misaada. Wikiendi hiyo vyumba Beaune ni taabu. Kama hukuweka nafasi mapema, nenda tarehe nyingine.

Ukiwa na gari, ongeza Autun, mji aliotoka Rolin. Juu ya mlango wa kanisa kuu la Saint-Lazare kuna Hukumu nyingine, ya jiwe, ya karne ya 12, na huku mashetani wamejaa, wanaivuta mizani waziwazi. Mwaka 1766 makasisi waliiona mbaya wakaifunika kwa plasta. Dharau hiyo ndiyo iliyoiokoa na nyundo za Mapinduzi ya Ufaransa.

Sasa nenda mashambani. Kutoka Beaune hadi Santenay kuna njia ya baiskeli katikati ya mizabibu, kupitia Pommard, Volnay na Meursault, na ndiyo ningeichagua kuliko gari, maana sheria ya dereva ni gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu na haina mzaha. Anayeifahamu mizabibu ya Dodoma atashangaa jinsi hii ilivyo mifupi. Tena Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Hapa ni mara moja tu, na baridi ya usiku mmoja wa Aprili yaweza kula mavuno yote. Vipande vya ardhi vilivyopewa majina vimo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2015. Tembea barabarani, usiingie mistarini, na zabibu usichume hata moja.

Wazalishaji wengi ni familia, si maduka. Omba nafasi kwa barua pepe wiki kadhaa kabla, sema bonjour kabla ya neno lolote, na usiende wakati wa mavuno, kawaida Septemba, kwani hakuna mwenye muda nawe. Adhuhuri wanafunga, nawe ukale, maana baada ya saa nane mchana majiko mengi yamezimwa. Kuonja ni pamoja na kutema: ndoo ipo kwa kazi hiyo na hakuna atakayeudhika. Usiyekunywa kabisa, safari yako haipungui kitu. Zungukia kiwanda cha haradali cha Fallot palepale Beaune, kipo tangu 1840.

Ukinunua, achana na majina makubwa ya bei ya kutisha. Chukua chupa iliyoandikwa Bourgogne tu, kutoka kwa mzalishaji uliyeonja kwake, uifunge vizuri kwenye begi la kukabidhi. Chupa ya mkononi watakunyang'anya uwanja wa ndege.