Madogo mnaoanza digrii ya takwimu, njooni hapa kidogo

Nilipochaguliwa kusoma takwimu, shangazi yangu aliniuliza kitu kimoja tu: sensa si kila baada ya miaka kumi, sasa hiyo tisa ya katikati utakula nini? Nilicheka ila jibu sikuwa nalo, na najua wengi wenu hamna pia maana tuambiane ukweli, wengi tuliomba kozi nyingine kabisa na sistimu ndo ikatutupa huku.

Mimi nimemaliza miaka saba iliyopita, nimeajiriwa, mkataba ukaisha nikakaa benchi, nikaajiriwa tena. Haya nayosema nimeyalipia.

Mwaka wa kwanza mtakutana na kalkulasi, aljebra ya matriki, na probabiliti. Hiyo probabiliti msiidese jamani. Mimi nilidesa, nikapata B safi nikajiona kidume, mwaka wa pili ikaja inferensi, yaani kutumia sampuli kusema kitu kuhusu watu wote, nikala sapu, mtihani wa marudio, kwa sababu kule hakuna kitu kipya, ni probabiliti ileile imegeuzwa nyuma mbele na mimi nilikuwa nimekariri tu maswali ya UE, mitihani ya mwisho ya chuo, za nyuma. Kilichonisaidia kwenye sapu ni kumjua Gosset. Huyu jamaa alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, anapima vitu vya kutengenezea bia ila vipimo anavyopata ni vichache, sampuli ndogo, fomula za wakati ule zilitaka sampuli kubwa, basi akatafuta njia yake na mwaka 1908 akaichapisha kwa jina la "Student" maana kiwandani hawakutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao. Ndo hiyo t-testi mnayoikimbia. Ukishajua mtu alikuwa na shida gani, fomula inaacha kuwa mzimu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe lililonileta. Nendeni fildi mapema, hata kabla ya ile fildi ya chuo, yale mafunzo ya vitendo. Mimi likizo ya mwaka wa pili nilipata kibarua cha udadisi kwenye utafiti mmoja wa kaya, tukapelekwa vijijini huko Iramba, Singida. Dodoso linauliza kaya ina watu wangapi, mama ananijibu watano, naandika watano, mchana huo chakula kinaletwa naona watoto saba wanazunguka sinia moja, namuuliza mama hawa je, ananiambia aah hao ni wa marehemu dada yangu, wanakula hapa wanalala hapa, ila wewe si umeuliza watu wangu? Swali lilikuwa sawa kwenye karatasi, kwa mama lilikuwa swali lingine kabisa. Msimamizi wetu akatufundisha tuwe tunauliza nani wanakula chungu kimoja, na namba zikabadilika kijiji kizima.

Halafu umri. Wazee wote pale walikuwa na miaka 60, 65, 70, hakuna mwenye 63. Niliporudi chuo mwalimu akaandika ubaoni faharasa ya Whipple, ikiwa 100 hakuna kulundika umri, ikiwa 500 maana yake kila mtu kataja umri unaoishia na 0 au 5, darasa zima wananakili wanapiga miayo, mimi nacheka peke yangu kwa sababu wale wazee nimekaa nao kwenye kigoda. Tangu hapo nikiona namba kubwa, mfano ile 61,741,120 ya sensa ya 2022, sioni namba, naona karani na kishikwambi chake anagonga hodi na mbwa anambwekea.

Kompyuta. SPSS, programu ya kuchambua data, mtafundishwa na haina shida, ila leseni yake ni pesa na ukitoka chuo unaachana nayo. Jifunzeni R, nayo ni ya kuchambua data ila ya bure, anza hata kwa kuiambia irushe sarafu mara elfu moja uone vichwa vinavyokaribia nusu. Exceli msiidharau, kazini bosi atakuomba Exceli. Na ukijua kutengeneza dodoso kwenye ODK au Kobo, programu za kukusanya data kwa simu, utapata vibarua ukiwa bado unasubiri boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu, mimi leptopu yangu ya pili ilitoka huko.

Ajira sasa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ipo, wizara na halmashauri nazo zina watakwimu, ukiona tangazo la Mtakwimu Daraja la II omba ila usikae nyumbani unalisubiri hilo tu, tunaomba wengi nafasi ni chache. Taasisi za utafiti wa afya zinahitaji sana watu wa data. NGO wanaita ufuatiliaji na tathmini, ni takwimu hiyohiyo imevaa fulana ya mradi, ubaya wake mradi ukiisha na wewe umeisha, ndo yale ya benchi niliyosema. Benki na kampuni za simu wanataka mtu wa kukadiria nani akikopeshwa atalipa. Bima inalipa vizuri ila uakchuari, yaani kukokotoa hatari na gharama za bima, una mitihani yake ya nje ya digrii, mirefu na ya gharama, aliyeko darasani akiutaka aanze kujipanga sasa. Na kampuni za kubeti nazo zinaajiri, hapo kila mtu na dhamira yake.

Chagueni na somo la pili la kushika, kilimo, afya, uchumi, lolote. Kwenye intavyuu ya kazi niliyonayo sasa hawakuniuliza fomula hata moja, walinipa jedwali la umri wa wagonjwa wakaniuliza naona nini. Nikawaambia mbona 40 na 45 wamejaa hivi na 42 hayupo, nani aliuliza hawa watu na aliwauliza vipi? Wakatazamana. Jumatatu nikapigiwa simu.